Watoto 38 na hesabu ya kunukuliwa

Mwezi uliopita dada mmoja niliyesoma naye, sasa daktari bingwa wa watoto na mhadhiri, aliniomba nimsaidie kupanga fomu yake ya kuomba kupandishwa cheo. Fomu ina kurasa kumi na moja. Ukurasa wa saba una jedwali: jina la andiko, jarida, mwaka, mko waandishi wangapi, wewe ni wa ngapi, limenukuliwa mara ngapi. Chini kabisa kuna kisanduku kidogo cha indeksi ya h. Akafungua Google Scholar kwenye simu, akaitazama ile namba, akacheka kile kicheko cha mtu anayeangalia salio la M-Pesa tarehe 28.

"Saba," akasema. "Miaka kumi na minne wodini, kaka, ndiyo hiyo saba."

Kwa asiyekuwa kwenye mchezo huu: indeksi ya h ilibuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego. Unapanga maandiko yako kuanzia lililonukuliwa sana kushuka chini. Ukiwa na maandiko saba ambayo kila moja limenukuliwa mara saba au zaidi, h yako ni 7. Andiko la nane lenye manukuu matano halikusaidii kitu. Na lile la kwanza, hata likinukuliwa mara elfu tatu, halikuongezei chochote. Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa Tanganyika aliyemuuliza mwalimu wake kwa nini maziwa ya moto yaliganda kabla ya yaliyopoa, aliandika pamoja na Denis Osborne andiko moja lililochapishwa 1969. Tangu hapo wanafizikia hawajaacha kubishana juu yake. Kwa andiko hilo moja, h ni 1. Mpemba angekuja na fomu hii angerudishwa mlangoni.

Sitaki kuichezea shere namba hii kisha niondoke, maana kuna watu wanaoishi nayo. Serikali ya Tanzania, kupitia Wizara ya Elimu chini ya Profesa Adolf Mkenda, ilitangaza zawadi ya Sh50 milioni kwa mtafiti anayechapisha kwenye majarida ya hadhi ya juu duniani. Fedha ya namna hiyo inajenga nyumba. Kwa hiyo swali la kinachopimwa na hesabu ya manukuu si la wasomi peke yao. Mimi nitalijibu kwa mtu mmoja, daktari aliyefanya kazi jirani yetu hapa Uganda, ambaye kumbukumbu zake za uchapishaji zinafahamika vizuri, na ambaye naamini hesabu hiyo ingemkosea mwanzoni, ingemkosea mwishoni, na katikati ingewasahau watu waliombeba.

Denis Burkitt alizaliwa 1911 kule Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Alipoteza jicho moja akiwa mtoto wa shule, akaja kuwa mpasuaji mwenye jicho moja. Baada ya Vita vya Pili alijiunga na utumishi wa kikoloni na kupelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Kule ugonjwa uliomjia kila siku ulikuwa mabusha. Daktari mwingine angepasua tu na kuendelea. Yeye aliwauliza wagonjwa wanatoka wapi, akagundua kwamba upande wa mashariki wa wilaya mabusha yalikuwa mengi mno na upande wa magharibi yalikuwa nadra. Kutoka hapo akawa na ugonjwa wake mwenyewe, ugonjwa wa kuuliza "wapi". Andiko lake kuhusu mabusha lilitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1951, wakati huo ameshahamia hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwangalie mvulana wa miaka mitano. Taya zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Uso umepinda, meno yamelegea. Burkitt hakuwa amewahi kuona kitu kama kile. Alipiga picha, hakuwa na jibu. Wiki chache baadaye yuko Jinja kwa kazi nyingine, akatupa jicho dirishani, akaona mtoto wa kike amekaa nje na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka nje. Alipompima akakuta ana uvimbe tumboni pia. Mtoto mmoja unaweza kumwita kioja. Wawili, tena katika miji miwili, lazima ufungue mafaili.

Akayafungua. Alikusanya watoto 38 na mwaka 1958 akachapisha kurasa sita kwenye British Journal of Surgery kuhusu sarkoma (saratani ya mifupa na nyama) ya taya kwa watoto wa Kiafrika.

Hakuna aliyeshtuka. Lilikuwa jarida la wapasuaji, lilisomwa na wapasuaji wa Uingereza, na mpasuaji wa Birmingham hakuwa na mtoto wa namna hiyo kwenye foleni yake. Zaidi ya hayo, kichwa chenyewe cha andiko kilikosea. Ule uvimbe haukuwa sarkoma. Walioonyesha kwamba ni limfoma, saratani ya chembe za mfumo wa kinga, walikuwa wanapatholojia (madaktari wa kuchunguza vipande vya mwili kwa hadubini) wa Kampala, Gregory O'Conor na J.N.P. Davies, miaka miwili mitatu baadaye. Hapo una andiko ambalo leo linahesabiwa kuwa moja ya maandiko makubwa ya saratani ya karne ya 20: kurasa sita, mwandishi mmoja, jina la ugonjwa si sahihi, wasomaji wachache. Hebu iweke kamati ikae Mulago mwaka 1960 na ile fomu ya kurasa kumi na moja. Jedwali la ukurasa wa saba lingekuwa na mabusha na taya. (Kwa bahati yake kipimo chenyewe hakikuwapo. Faharasa ya manukuu ya sayansi ya Eugene Garfield, iliyotengenezwa Philadelphia, ilianza kutoka mnamo 1964.)

Sasa tazama ni kitu gani kililiokoa lile andiko, maana hapa ndipo penye nyama.

Kwanza, karatasi. Burkitt alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wenye uvimbe ule na kuvituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni karibu Afrika nzima, akiuliza swali moja: mnawaona hawa? Majibu yakarudi moja moja, akayaweka kwenye ramani. Hakuna hata jibu moja kati ya hayo lililokuwa "nukuu". Yalikuwa barua za madaktari wa misheni waliokuwa peke yao porini, wengine hawakuchapisha neno maishani mwao.

Pili, mdomo. Machi 22, 1961, akiwa likizo Uingereza, alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Kwenye viti alikuwapo kijana mwanapatholojia, Anthony Epstein, aliyekuwa anachunguza kirusi kinachowapa kuku saratani. Alimsikia mpasuaji wa Kampala akisema kwamba saratani hii ya watoto inafuata joto na mvua, akaelewa papo hapo: kitu kinachofuata hali ya hewa huenda kinabebwa na kitu hai. Hakulijulia lile andiko kwenye orodha ya marejeo ya mtu. Aliisikia habari kwa masikio kwa sababu aliona tangazo la mhadhara na akaamua kwenda.

Tatu, gari. Oktoba 1961 Burkitt na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda Ford kuukuu wakaondoka Kampala kuelekea kusini. Wiki kumi, takriban maili 10,000, hospitali zaidi ya hamsini, hadi Afrika Kusini. Wazungu wenyewe waliiita "safari ndefu", na neno safari hawakulitafsiri. Walipokuwa barabarani ndipo Tanganyika ilipokuwa inajiandaa kupandisha bendera yake. Kila walipofika waliuliza lile lile: mnawaona? Palipokuwa na "hapana" walitaka kujua ni kwa nini. Mpaka wa ugonjwa ukajichora: karibu na ikweta hauonekani ukishapanda juu ya futi kama 5,000, ukienda kusini unashuka hadi mabondeni na pwani. Aliyekuwa hodari wa kusoma ramani za namna hiyo, Alexander Haddow wa taasisi ya virusi ya Entebbe, aliona kwamba ule mpaka unafanana na mipaka ya magonjwa yanayoenezwa na mbu. Hoja ya malaria ikaingia kupitia mlango huo, na imebaki hadi leo.

Kipeperushi, mhadhara, gari bovu. Hakuna kati ya hivyo kinachoandikwa ukurasa wa saba.

Kampala ikaanza kutuma vipande vya uvimbe London kwa ndege. Epstein alivitazama kwa hadubini ya elektroni miaka miwili bila kuona kirusi chochote. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kifurushi kilimfikia Epstein jioni, kimechelewa, na maji yaliyokuwa ndani ya chupa yamekuwa meupe kama yametiwa maziwa. Mtu yeyote wa maabara atakwambia maana yake: bakteria wameingia, tupa. Hakutupa. Aliweka tone chini ya hadubini ya kawaida akakuta si bakteria. Ni chembe hai za uvimbe zimejiachia kutoka kwenye kipande wakati wa safari, zinaelea. Kutokana na chembe zile yeye na Yvonne Barr waliweza kukuza seli maabara, na kwenye seli hizo Februari 1964 kirusi kikaonekana. Machi 28, 1964, Lancet ikachapisha andiko la waandishi watatu: Epstein, Achong na Barr. Kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Wewe unayesoma hapa karibu hakika unacho mwilini, kama walivyo watu wazima zaidi ya tisa katika kila kumi duniani. Kwa wengi wetu kimelala tu.

Tuhesabu tena majina. Waandishi ni watatu lakini kirusi kinaitwa Epstein-Barr. Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, ndiye aliyekuwa fundi wa hadubini ya elektroni, ile iliyokiona kirusi. Jina lake halimo kwa sababu seli zile ziliitwa EB, kwa herufi za wawili waliozikuza, na jina la seli likapewa kirusi. Hapakuwa na njama. Ndivyo majina yanavyokwenda. Na nyuma ya Achong kuna wafanyakazi wa Mulago waliokata vipande, wakavifunga, wakavikimbiza uwanja wa ndege Entebbe, na nyuma yao kuna watoto wenyewe na mama zao. Andiko la kisayansi lina mlango mwembamba, na indeksi inahesabu waliopita mlangoni tu.

Nirudi nyuma zaidi, maana kuna aliyemtangulia Burkitt. Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo mwaka 1897 na kwa miaka mingi alikuwa akiandika kila mgonjwa kwenye madaftari. Watoto wenye taya zilizovimba wamo mle, wameandikwa mwanzoni mwa karne. Cook hakuwatolea andiko. Madaftari yalikaa kabatini hadi Davies na wenzake walipoyachambua na kuchapisha mwaka 1964 uchambuzi wa saratani za Mengo kuanzia 1897 hadi 1956. Kwa hiyo tunajua kwamba ugonjwa haukuletwa na dawa mpya wala chakula kipya cha miaka ya hamsini, ulikuwapo. Huo ni ushahidi mzito, na umetoka kwenye daftari ambalo kwa miongo mitano halikunukuliwa na kiumbe.

Sasa mwisho wa hadithi, pale Burkitt alipofanikiwa kupita kiasi. Katikati ya miaka ya 1960 ule uvimbe ulikuwa umeshaitwa limfoma ya Burkitt. Utadhani hapo manukuu ya 1958 yangemiminika. Kuna jambo ambalo mwanasosholojia Robert Merton alilieleza vizuri: wazo likishakubalika kabisa, chanzo chake kinamezwa. Hakuna anayemnukuu Newton anapoandika kuhusu mvutano. Daktari wa Bugando, Mwanza, anayeandika leo kuhusu watoto wa Kanda ya Ziwa wenye limfoma hii atalitaja jina la Burkitt mara arobaini katika kurasa nane, na kwenye marejeo ataweka mwongozo wa matibabu wa juzi. Kila anapotamka jina anamtambua, na hakuna kati ya hizo mara arobaini inayoingia kwenye hesabu. Jina likiwa dogo unanukuliwa. Likiwa kubwa linaandikwa bila nukuu. Likiwa kubwa zaidi linaanza kuandikwa kwa herufi ndogo.

Kinyume chake ni kazi ya Burkitt ya baadaye. Aliporudi Uingereza aliingia kwenye mambo ya makapi ya chakula, zile nyuzinyuzi na maganda tunayotupa tukikoboa. Alipima uzito wa kinyesi cha wanavijiji wa Uganda na cha Waingereza, akatembea duniani akionyesha slaidi za picha hizo bila haya, na maandiko yake na wenzake ya 1972 na 1974 kuhusu makapi na magonjwa yalisambaa vibaya sana. Ushahidi wake juu ya makapi na saratani ya utumbo ulibishaniwa kwa miongo kadhaa, na hoja zingine zimenyooka, zingine hazikunyooka. Manukuu hayachagui. Anayekupinga anakunukuu sawasawa na anayekuunga mkono, na mashine inahesabu moja kwa moja.

Kwa hili la kupingwa kuna mfano ulio karibu zaidi. Machi 2020 timu ya Marseille iliyoongozwa na Didier Raoult, mmoja wa wanamikrobiolojia walionukuliwa zaidi duniani, mwenye maelfu ya maandiko kwa jina lake, ilichapisha matokeo ya haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, dhidi ya korona. Wagonjwa 36. Uliona mwenyewe kilichofuata: marais wakaitaja, watu wakaitafuta madukani, majaribio makubwa yakafanyika na kuonyesha haisaidii wagonjwa. Desemba 2024 jarida liliondoa rasmi andiko lile kwa sababu ya wasiwasi kuhusu idhini ya kimaadili na namna utafiti ulivyofanywa. Kufikia hapo lilikuwa limeshanukuliwa maelfu ya mara, na baadhi ya manukuu hayo yalikuwa ya watu wanaosema si kweli.

Watoto 38, ukimya. Wagonjwa 36, kelele za dunia nzima. Ukubwa ni ule ule na tofauti yote ni wasomaji: mwaka 2020 kila mtafiti alikuwa anasoma kitu kimoja, mwaka 1958 hakuna aliyekuwa anatazama taya za watoto wa Buganda. Idadi ya manukuu inafuata idadi ya watafiti walio kwenye uwanja huo, si idadi ya wagonjwa walio kwenye foleni. Ndiyo maana anayechunguza sumu ya nyoka, ugonjwa unaoua wakulima, hawezi kumfikia anayechunguza saratani ya matiti hata akikesha. Watafiti wa nyoka ni wachache. Watanukuliwa na nani?

Nikitaja klorokwini nakumbuka utafiti mwingine wa hapa kwetu. (Na nakumbuka pia kile kidonge kichungu cha utotoni, cha kukesha unajikuna hadi alfajiri.) Kati ya 1977 na 1982, katika wilaya ya Mara Kaskazini, kule Tarime na Shirati, watoto waligawiwa klorokwini ili malaria ishuke na ionekane kama limfoma ya Burkitt nayo itashuka. Kabla ya hapo, Uganda upande wa West Nile, damu ya watoto wapatao 42,000 ilikuwa imechukuliwa na kuhifadhiwa ili wale watakaougua baadaye watazamwe kirusi kilikuwa kiasi gani kabla. West Nile ilitoa jibu zuri na likatoka Nature mwaka 1978. Mara Kaskazini ilitoa jibu la kukunja uso: ugonjwa ulipungua, lakini ulikuwa umeshaanza kupungua kabla ya vidonge, na malaria nayo ikarudi. Matokeo yalitoka 1989. Waliotembea na ndoo za vidonge nyumba kwa nyumba kwa miaka mitano walifanya kazi ile ile ngumu, kwa uaminifu ule ule. Ukweli uliowaangukia ulikuwa wenye utata, na utata hauuzi manukuu.

Nimesikia jibu la wenye kamati, na nalipa heshima yake. Mzee mmoja aliyekaa kwenye vikao hivyo miaka mingi aliniambia: ukiondoa namba, utabaki na nini? Utabaki na mwenyekiti anayemjua baba yako. Kijana aliyetoka Kasulu, asiye na mjomba wizarani, akija na maandiko ishirini na manukuu mia nne, hakuna wa kumwambia "subiri". Namba ndiyo mjomba wake. Hili si neno dogo. Nimewaona watu waliopandishwa kwa sababu walibeba mikoba ya wakubwa, na nimewaona waliokwama kwa sababu walisema neno kikaoni. Kwenye nchi ya kujuana, jedwali baridi lina huruma yake.

Lakini ile ngao ya namba imeshatobolewa. Vijana wanapeana nafasi za uandishi: niweke kwenye yako, nikuweke kwenye yangu. Utafiti wa nchi thelathini unatoka na waandishi mia tatu, na kila mmoja anajichukulia manukuu yote kana kwamba aliandika peke yake, hata yule aliyetoa tu sampuli mbili na barua pepe. Wengine wanajinukuu wenyewe hadi unaona aibu. Majarida ya kulipia yanatuma mialiko usiku wa manane. Na makala iliyochapishwa East African Medical Journal la Nairobi, ambayo daktari wa Kahama ataisoma na kuitumia Jumatatu asubuhi, inalipwa kidogo kuliko ile ya ng'ambo ambayo hata mwandishi hana idhini ya kuipakua bila kulipia. Mwenye mjomba sasa ana mjomba na namba.

Garfield mwenyewe, mwenye faharasa, alirudia kuonya kwamba kitu alichokitengeneza kwa ajili ya kutafuta maandiko kisigeuzwe kuwa rungu la kupimia watu. Desemba 2012 wahariri na wanasayansi walikutana San Francisco wakatoa tamko la kuwataka waajiri na wafadhili waache kuwapima watafiti kwa uzito wa jarida. Vyuo vingi vimetia saini. Nisingependa kutia saini kuwe ndiyo mwisho, maana saini nayo ni namba.

Ninachopendekeza ni cha kizamani na kina gharama: kamati isome. Mwombaji achague maandiko matatu, si thelathini, na kando ya kila moja aandike nusu ukurasa akieleza nini kilitokea baada yake. Nani alibadilisha dozi? Hospitali gani ilibadili utaratibu? Nani alibisha, na alikuwa na haki? Wajumbe wawili wasome yale matatu kabla ya kikao, na mmoja awe wa nje ya chuo, asiyemjua mjomba. Manukuu yabaki pembeni kama mwanga wa taa ya nyuma ya gari, unakusaidia kuona kilichopita. Litachukua muda, kamati zitalalamika kwamba hazina muda. Zina muda wa kuhesabu.

Na mtafiti aruhusiwe kuandika kipeperushi, ramani na mhadhara. Chini ya utaratibu wa sasa Burkitt angelazimika kuchagua kati ya kupanda gari wiki kumi na kuandika pepa nne ndogo za mabusha, na kwa akili timamu angeandika mabusha.

Tulipofika safu ya mwisho ya ile fomu, iliyoitwa "Mengineyo", dada yangu alinyamaza kidogo kisha akasema kuna kitu hajui kama kinahesabika. Miaka kadhaa iliyopita alichora kwa kalamu ya wino mzito chati ya maji ya dripu kwa mtoto aliyeharisha hadi akakaukiwa, kwa kila kilo, kwa saa, akaibandika ukutani juu ya meza ya manesi. Wauguzi waliokuja kwa mafunzo waliipiga picha kwa simu. Siku moja alikwenda kituo cha afya mbali kabisa, barabara ya vumbi, akaikuta imebandikwa pale, imetolewa fotokopi hadi mistari imefifia, jina lake halipo, na kosa lake dogo la tahajia lipo.

"Sasa hapa niandike imenukuliwa mara ngapi?"

Nikamwuliza yeye anaonaje.

"Haijanukuliwa, kaka. Imenakiliwa."

Tuliiandika. Fomu ilikuwa imeacha mstari mmoja tu, ikabidi tubane herufi.